Pointi za kadi ya mkopo: piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Mwalimu wa Kilifi akipangiwa shule Mashuuru, kaunti ya Kajiado, mambo mawili humpata upesi. La kwanza ni vumbi la kiangazi. La pili ni afisa wa mauzo wa benki, anayemkuta Kitengela mwisho wa mwezi na fomu mkononi. Humwambia kwamba kadi ya mkopo haina riba ukilipa kwa wakati, na kwamba kila unaponunua kitu unapata pointi. Pointi zikijaa, wazigeuza vocha ya supamaketi, mafuta ya gari au tikiti ya ndege. Wengi hutia sahihi hapo hapo.

Makala haya ni ya ndugu zetu wa Pwani walioko Kajiado, na vilevile ya walioko Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale wanaopelekewa fomu iyo hiyo. Tutaeleza pointi hutoka wapi, jinsi ya kulinganisha za benki moja na nyingine, na ni nani hasa anayefaidika nazo.

Pointi hutoka wapi

Benki haigawi sadaka. Ukilipa shilingi 1,000 dukani kwa kadi, mwenye duka hapokei 1,000 kamili. Benki iliyompa mashine humkata asilimia fulani. Sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa wewe kadi, na sehemu nyingine kwa kampuni ya mtandao kama Visa au Mastercard. Pointi zako ni kipande kidogo cha makato hayo.

Ndiyo maana zawadi za kadi ni nono Marekani, ambako wenye maduka hukatwa zaidi, na ni nyembamba Ulaya. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kile ambacho benki iliyotoa kadi ya mkopo inaweza kupokea kutoka upande wa muuzaji. Mfuko ulipopungua, zawadi nazo zikapungua.

Mfuko wa pili ni riba ya wale wasiomaliza deni lao kila mwezi. Anayelipa kidogo kidogo ndiye anayemgharimia tikiti ya ndege yule anayelipa lote. Wazee walisema cha mlevi huliwa na mgema. Katika kadi ya mkopo, swali la kwanza ni moja: wewe ni mlevi au ni mgema?

Kulinganisha pointi za benki mbili

Wingi wa pointi hauna maana mpaka ujue pointi moja ina thamani gani. Tuseme benki ya kwanza inakupa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi hiyo ni senti 20. Benki ya pili inakupa pointi 1 kwa kila shilingi 50, lakini pointi yake ni senti 5. Ukitumia shilingi 10,000, ya kwanza inakupa pointi 100, yaani shilingi 20. Ya pili inakupa pointi 200, yaani shilingi 10. Tangazo la pili ndilo linalovutia macho, ilhali la kwanza linalipa mara mbili.

Kwa hiyo muulize afisa swali hili: "Nikitumia shilingi 10,000, nitarudishiwa shilingi ngapi?" Akikujibu kwa pointi, mrudishe kwenye shilingi. Kisha uulize pointi hudumu muda gani kabla ya kufutwa, ni kiwango gani cha chini unachoweza kukomboa, na ni manunuzi gani yasiyohesabiwa. Mara nyingi kutoa fedha taslimu kwenye ATM hakuleti pointi hata moja.

Fedha inayorudishwa moja kwa moja kwenye akaunti ni rahisi kupima kuliko pointi. Tikiti za ndege ni ngumu zaidi, kwa sababu kodi za uwanja na ada nyingine huenda ukazilipa mwenyewe. Kwa mtu anayesafiri kwa ndege mara moja kwa miaka miwili, vocha ya supamaketi ina faida kubwa kuliko ndoto ya Dubai.

Gharama zinazokula pointi

Turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme anatumia shilingi 30,000 kila mwezi kwa kadi, na benki yake ni karimu, inamrudishia shilingi 1 kwa kila 100. Kwa mwezi anapata 300, kwa mwaka 3,600. Kama ada ya mwaka ya kadi ni 3,500, amebakiwa na shilingi 100.

Sasa tuseme mwezi mmoja amebanwa na karo ya mtoto na hakulipa zile 30,000. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, atadaiwa 900. Riba ya mwezi mmoja imekula zawadi za miezi mitatu, na bado hatujahesabu faini ya kuchelewa.

Kuna mtego mwingine unaoitwa malipo ya chini kabisa. Taarifa ya mwezi itasema unaweza kulipa sehemu ndogo tu ya deni. Ukifanya hivyo hutahesabiwa kuwa umekosa, lakini riba itaendelea kwa deni lililobaki, na mara nyingi zile siku zisizo na riba, ambazo benki nyingi huzitangaza kuwa hadi 45 au 50, hazitahesabika kwa manunuzi mapya. Kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo ni ghali zaidi: kuna ada ya papo hapo, na kwa kawaida riba huanza siku ile ile.

Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, inakulinda kidogo: mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoongezwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni lililokuwapo. Hata hivyo deni kuongezeka maradufu ni mzigo tosha, na jina lako litapelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo kama Metropol na TransUnion. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake huko bila malipo mara moja kwa mwaka. Itazame kabla ya kuomba kadi yoyote.

Benki zilizo nyuma ya kadi

Visa na Mastercard hawakukopeshi. Anayekudai ni benki ambayo jina lake limeandikwa kwenye kadi, na masharti ni yake.

Benki kadhaa kubwa zilianzia kwetu Pwani. KCB inafuata mizizi yake hadi National Bank of India, iliyofungua tawi Mombasa mwaka 1896. Standard Chartered nayo ilianza Mombasa mwaka 1911. Absa ndiyo iliyokuwa Barclays hadi mwaka 2020. Equity ilianza mwaka 1984 kama shirika la kukopesha fedha za nyumba, nayo NCBA ilizaliwa mwaka 2019 kwa kuunganishwa NIC na CBA. Benki hizi zote zimetoa kadi za mkopo, na baadhi zimekuwa na mipango yenye majina yake, kama Simba Points za KCB na 360° Rewards za Standard Chartered. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, basi usitegemee alichokwambia jirani mwaka juzi. Omba karatasi ya masharti ya sasa na uisome nyumbani.

Uimara wa aliyetoa pointi nao una uzito. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Wenye akaunti walipata taabu kubwa. Tangu Julai 2020, Shirika la Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi shilingi 500,000 katika kila benki. Hiyo ni fedha uliyoweka. Pointi si amana.

Watu wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa Nakumatt. Kadi yake ya pointi ilikuwa katika kila pochi, kutoka Nyali hadi Likoni. Kampuni ikadhoofika, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Aliyekuwa akiweka pointi za Idd au za kufungua shule alibaki na kipande cha plastiki. Funzo lake ni kwamba pointi hutumiwa mapema, haziwekwi akiba.

Mashuuru si Kitengela

Kitengela, kwenye barabara ya Namanga, kuna matawi ya benki, supamaketi na vituo vya mafuta vyenye mashine za kadi. Mashuuru hali ni nyingine. Duka la unga, muuza dawa za mifugo, bodaboda, mama wa chai na mwenye nyumba, wote hao malipo yao ni M-Pesa au taslimu. Mtu akipanda gari hadi Kitengela kwa ajili ya kununua kwa kadi, nauli peke yake itamaliza pointi za mwezi.

Kwa anayeishi huko, simu ndiyo kadi yake. Bonga Points za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007, ni zawadi pia, na faida yake ni kwamba hazihitaji deni. Lakini usizichanganye na Fuliza, iliyoanza mwaka 2019 na iliyo mkopo wa benki nyuma ya M-Pesa, wenye ada inayoongezeka kwa siku.

Jambo kubwa zaidi ni kalenda. Hati ya kadi huja kila mwezi, tarehe ile ile. Mfugaji wa Mashuuru hapati fedha kila mwezi. Huuza mbuzi au ng'ombe kunapokuwa na haja au bei nzuri, na ukame ukija, kama ule wa kuanzia 2020 hadi 2023, mifugo hufa na soko huanguka kwa pamoja. Benki haingoji mvua.

Sisi wa Pwani twalijua jambo hili. Mvuvi wa Shimoni au Kipini anajua kusi likivuma, bahari huchafuka na vyombo hulala. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani au Watamu anajua miezi ambayo wageni hawaji na mshahara hupunguzwa. Mwenye kipato cha msimu akichukua deni la kila mwezi, ipo siku tarehe itamfikia hana kitu. Mwenye mshahara kama mwalimu ana nafuu, lakini kwa sharti kwamba mshahara huo haujaliwa tayari na makato ya mikopo mingine.

Suala la riba

Kwa Waislamu hesabu haiishii kwenye shilingi. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh Septemba 2000, ilitoa uamuzi kwamba kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai, hata kama mwenyewe ananuia kulipa ndani ya siku zisizo na riba, kwa sababu amekubali sharti hilo kwa sahihi yake. Ada ya huduma ya kutoa kadi haikukatazwa.

Kenya ina benki zinazofuata sharia, zikiwemo Gulf African Bank iliyoanza mwaka 2008, Premier Bank iliyokuwa First Community Bank, na DIB. Benki nyingine zina madirisha yake, kama Sahl ya KCB na La Riba ya Absa. Ukipewa kadi huko, uliza swali lile lile waziwazi: nikichelewa, nitatozwa nini, na fedha hiyo itakwenda wapi? Kisha uulize ni mashekhe gani waliopitisha mkataba huo.

Kabla ya kutia sahihi

Kadi ya mkopo yenye pointi inamfaa mtu mwenye mambo manne kwa pamoja: kipato cha kila mwezi, tabia ya kulipa deni lote kabla ya makataa, maduka yanayopokea kadi karibu naye, na matumizi ya kutosha kuishinda ada ya mwaka. Likikosekana moja, kadi ya kawaida ya akaunti au simu yake inamtosha.

Ukiamua kuichukua, omba kiwango kidogo cha mkopo kuliko unachopewa. Iagize benki ikate deni lote kwenye akaunti yako siku mbili baada ya mshahara kuingia. Soma taarifa ya kila mwezi mstari kwa mstari, na ukiona malipo usiyoyajua, ipigie benki siku hiyo hiyo, kisha uandike barua na ubaki na nakala. Benki isipokujibu, lalamika kwa Benki Kuu.

Na kama tayari unayo kadi na deni limekaa miezi, acha kuhesabu pointi. Zikomboe zilizopo leo, iweke kadi kabatini, ulipe zaidi ya kile kiwango cha chini kila mwezi mpaka liishe. Dawa ya deni ni kulipa.