Kutoka sitahani hadi majini: historia ya mashua ya uokoaji

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, meli ya Titanic ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua 20 za uokoaji zenye nafasi 1,178. Takwimu hizo mbili zimerudiwa sana, kiasi kwamba kwa wengi ndizo habari yote ya ajali ile: mashua zilikuwa chache, watu wakafa. Ni kweli, lakini waliookoka walikuwa kama 710 tu, na hiyo ina maana kwamba nafasi zaidi ya 400 zilizokuwepo zilikwenda tupu. Mashua ya kwanza kushushwa ilikuwa na nafasi 65, nayo iliondoka na watu wasiofika 30. Nyingine yenye nafasi 40 iliondoka na watu 12. Mabaharia wengi walikuwa wameajiriwa Southampton siku chache kabla ya safari, hawakujua kila mmoja mashua yake ni ipi, na baadhi ya maofisa walihofia kwamba mashua ikijazwa ingali inaning'inia itakatika katikati, ilhali ilijengwa kubeba uzito huo. Hoja yangu inaanzia kwenye viti hivyo vitupu. Kwa zaidi ya miaka mia moja sheria za bahari zimekuwa hodari wa kuhesabu vifaa, na nzito sana kuuliza kila kifaa kinatokaje sitahani hadi majini, kwa mikono ya nani, na mikono hiyo imefundishwa nini. Gharama ya uzito huo wameilipa abiria, na zaidi yao mabaharia wenyewe.

Sheria hupenda kuhesabu kwa sababu hesabu ni rahisi kukagua. Mkaguzi hupanda melini, hutembea sitahani, huhesabu mashua na maboya, hutia saini na kushuka. Kanuni za Uingereza zilizotumika mwaka 1912 zilitokana na sheria ya 1894, nazo zilipanga idadi ya mashua kwa kufuata tani za meli, si kwa kufuata watu waliomo. Jedwali lake liliishia kwenye meli za tani 10,000 na zaidi, kwa sababu wakati linaandikwa meli kubwa zilikuwa za kiasi hicho. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Kwa jedwali hilo ilidaiwa mashua 16, na kwa kuwa ilibeba 20 ilikuwa imepita matakwa ya sheria. Baada ya maafa wajumbe wa mataifa 13 walikutana London, na tarehe 20 Januari 1914 wakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ule ambao matoleo yake ya baadaye mabaharia wote wanayajua kwa jina la SOLAS. Ulitaka kila mtu melini awe na nafasi kwenye mashua, na ulitaka mazoezi pia. Vita Kuu vikauzuia kuanza kutumika kama ulivyopangwa, lakini nusu yake moja, ile ya mashua kwa kila mtu, ilikuwa imekwisha kuingia vichwani mwa watunga sheria.

Kilichotokea Chicago mwaka uliofuata kinapaswa kufundishwa katika kila chuo cha mabaharia. Mwezi Machi 1915 Marekani ilipitisha sheria ya mabaharia iliyoongeza madai ya mashua, na wenye meli wakaanza kujiandaa. Meli ya abiria Eastland, ambayo tayari ilikuwa na sifa ya kuyumba, iliongezewa mashua na maboya ya kuelea kwenye sitaha ya juu, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito kwenye chombo kisichotulia. Asubuhi ya tarehe 24 Julai 1915 ilipakia watu zaidi ya 2,500, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda na familia zao waliokuwa wakienda matembezi ya siku moja. Ingali imefungwa gatini katika mto Chicago, ililala upande, ikasita, kisha ikapinduka. Watu 844 walikufa hatua chache kutoka barabarani. Siwezi kusema mashua ndizo pekee zilizoipindua, maana meli ile ilikuwa na kasoro za miaka mingi na matangi yake ya maji ya kusawazishia yaliendeshwa ovyo. Lakini idadi ilitimizwa, na hakuna aliyepima upya uthabiti wa meli baada ya kuutimiza. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la Ukara katika Ziwa Victoria, ambako walikufa watu zaidi ya 220 katika chombo kilichoruhusiwa kubeba 101. Chombo kinapopinduka ghafla, hakuna boya lililoning'inizwa ukutani linalopata nafasi ya kufanya kazi. Usalama ulipaswa kuwa umekwisha kufanyika kabla ya kamba kufunguliwa, kwa mtu mwenye uwezo wa kusema chombo hakiondoki.

Kasoro ya pili ya hesabu ilijitokeza meli zilipoanza kuzama zikiwa zimelala. Vestris, meli ya Uingereza, ilizama karibu na pwani ya Virginia mwezi Novemba 1928, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mashua zilikuwa za kutosha kwenye karatasi, ila za upande ulioinuka zilikwaruza ubavu wa meli na kuharibika zikishushwa. Mwaka 1956 meli ya Italia Andrea Doria ilipogongwa na meli ya Stockholm, nusu ya mashua zake hazikuweza kutumika kwa sababu hiyohiyo, na kama meli nyingine zisingefika mapema leo tungekuwa tunataja idadi ya kutisha. Mashua isiyofika majini ni mzigo tu.

Wahandisi walilisikia somo hilo, na jibu lao ndilo linalonishughulisha zaidi. Mashua ya kawaida huning'inia kwa nyaya mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikishikwa na kulabu. Ikifika majini uzito huondoka kwenye kulabu, nazo hufunguliwa. Lakini katika bahari iliyochafuka mawimbi huinyanyua mashua na kuiangusha, waya hukaza na kulegea, na kulabu isiyofunguka ikiwa imebeba uzito huwaacha watu wamefungwa kwenye chombo kinachozama. Tarehe 27 Machi 1980 hoteli ya kuelea ya wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, ilipinduka katika Bahari ya Kaskazini na kuua watu 123. Mashua nne zilishushwa, na ni moja tu iliyofaulu kujinasua kutoka kwenye nyaya zake. Baada ya hapo meli zilizojengwa kuanzia tarehe 1 Julai 1986 zilidaiwa kuwa na kulabu zinazoweza kufunguliwa hata zikiwa na uzito. Ilikuwa hoja ya haki kabisa. Ila kulabu inayoweza kufunguka ikiwa imebeba mashua iliyojaa watu inaweza pia kufunguka mita 20 juu ya maji, na ikifunguka upande mmoja tu mashua huning'inia wima na kuwamwaga waliomo.

Hilo ndilo lililotokea, mara nyingi, katika mazoezi. Mwaka 2001 kitengo cha Uingereza kinachochunguza ajali za baharini kilitoa utafiti uliopitia kumbukumbu zake za miaka kumi. Mashua za uokoaji na mitambo yake ya kushushia zilikuwa zimeua mabaharia 12 na kujeruhi watu 87. Vifo hivyo 12 vilikuwa asilimia 16 ya vifo vyote vilivyoandikwa na kitengo hicho katika meli za biashara, na vyote vilitokea wakati wa mazoezi au majaribio, chini ya watu wenye vyeti na uzoefu. Kifaa kilichowekwa ili kuokoa maisha kilikuwa kimeingia katika orodha ya vinavyoyaondoa. Wala si kulabu peke yake: tarehe 10 Februari 2013, katika bandari ya Santa Cruz de La Palma, waya ulioshika mashua ya meli ya Thomson Majesty ulikatika wakati wa zoezi. Mashua ikaanguka na kugeuka juu chini, na mabaharia watano wakafa. Waya ulikuwa umeliwa na kutu.

Wapo wanaosema, na wenye meli wengi wamelisema kwa miaka, kwamba tatizo ni baharia mzembe: hakusoma maelekezo, hakurudisha kulabu mahali pake, hakutia grisi. Sikatai kwamba makosa ya watu yamo katika ripoti nyingi. Lakini kosa moja linaporudiwa na mabaharia wa mataifa mbalimbali, katika meli za bendera mbalimbali, kwenye kulabu za aina moja, busara inataka tuitazame kulabu. Nyingi zilitengenezwa hivi kwamba zilionekana zimefunga ilhali hazijafunga barabara, na uchakavu mdogo ulitosha kuziachia. Baharia aliyehama kutoka meli moja hadi nyingine alikuta mtambo tofauti, na mara nyingi maelekezo katika lugha asiyoimudu. Shirika la Bahari Duniani, IMO, lenyewe lilikubali jambo hili mwaka 2011 lilipotoa kanuni mpya: kulabu zote zikaguliwe upya kwa muundo wake, na zile zisizofaa zibadilishwe, mwisho tarehe 1 Julai 2019. Kama shida ingekuwa uzembe peke yake, chuma kisingebadilishwa.

Wengine wamefika mbali zaidi na kusema, basi mazoezi yaachwe. Hofu yao naielewa, na nahodha anayewahurumia watu wake ana haki ya kuwa nayo. Sehemu ya hofu hiyo imekwisha kujibiwa, kwani kanuni za sasa hazimlazimishi mtu kuwemo ndani ya mashua inaposhushwa kwa zoezi. Inaweza kushushwa tupu kwanza, na kulabu kuwekewa kizuizi cha pili. Lakini kuacha kabisa ni kurudi Aprili 1912, kwa ofisa anayeogopa mashua yake mwenyewe usiku ambao hana kitu kingine.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalotetea hesabu yenyewe. Bila hesabu, wanasema, mwenye meli asingenunua chochote. Samuel Plimsoll alipigana miaka mingi katika bunge la Uingereza mpaka sheria ya 1876 ikalazimisha meli kuchorwa alama ya mwisho wa kupakia ubavuni, na hata hapo mwenye meli aliachiwa kuchagua mwenyewe pa kuichora; ilibidi kungoja hadi 1890 sheria iamue mahali pake. Nakubali. Hata viti vyote vya Titanic vingejaa, zaidi ya watu 1,000 wangebaki. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya hesabu kutimia tunajiona tumemaliza. Na mara nyingine hata hesabu hiyo huwasamehe wakongwe: meli ya mizigo El Faro, iliyojengwa mwaka 1975, iliruhusiwa kubaki na mashua za wazi zisizo na paa kwa sababu ya umri wake, ingawa meli mpya zilikwisha kudaiwa mashua zilizofunikwa. Tarehe 1 Oktoba 2015 ilizama katika kimbunga Joaquin karibu na Bahama na watu wake wote 33, na wachunguzi wa Marekani wakasema mashua za namna ile zisingewakinga katika hali ile.

Mkondo huohuo unaonekana ndani kabisa ya meli, kwenye matangi na vyumba vya shehena ambamo hewa huliwa na kutu, mbao au makaa ya mawe. Baharia huingia na kuanguka, mwenzake humfuata kumwokoa naye huanguka, wakati mitungi ya hewa imetundikwa sitahani kama sheria ilivyotaka. Mazoezi ya kuingia na kuokoa katika vyumba hivyo, kila baada ya miezi miwili, yalianza kuwa lazima Januari 2015 tu, na kipimo cha hewa cha kubebeka mkononi kikafuata Julai 2016.

Mkataba wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, umeanza kusogeza mambo upande wa watu. Unataka meli yenye mabaharia watano au zaidi iwe na kamati ya usalama, na wawakilishi wa mabaharia wawemo. Kijana anayetoka chuo cha Mombasa au Dar es Salaam akapanda meli ya bendera ya mbali anapaswa kujua kwamba kuuliza umri wa waya ni haki yake, na wanaomfundisha wampe ujasiri wa kuuliza. Marekebisho ya mkataba huo yaliyoanza kutumika mwezi Desemba 2024 yanataka jambo ambalo mtu angedhani lilikuwemo tangu mwanzo: vifaa vya kujikinga apewavyo baharia, mwanamume au mwanamke, viwe vya kipimo kinachomkaa mwilini.