Babesiosi ya Mbwa

Babesiosi ya mbwa ni ugonjwa wa damu unaoletwa na vimelea vya seli moja viitwavyo Babesia, ambavyo huenezwa na kupe. Kimelea huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huzaana humo mpaka chembe ipasuke, kisha wazao wake huvamia nyingine. Jina linatokana na Victor Babeş, mwanasayansi wa Romania aliyeviona vimelea vya jamii hii katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, alithibitisha kwamba mbwa huambukizwa na kupe.

Ukali hutofautiana mno. Babesia vogeli, inayoenezwa na kupe wa kahawia, imezagaa katika nchi za joto, lakini mara nyingi mbwa mzima huistahimili; wanaozidiwa ni watoto. Babesia gibsoni, yenye asili ya Asia, huambukizwa pia kwa kuumana, ndiyo maana nchini Marekani imekutwa sana kwa mbwa wa kupiganishwa.

Muuaji hasa ni Babesia rossi wa Afrika kusini mwa Sahara. Bweha mgongo-mweusi hukaa nayo damuni bila kuugua. Mbwa wa kufugwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mgonjwa hukataa chakula, huchemka mwili na kujilaza. Ukimfunua mdomo utakuta ufizi umepauka au umeingia manjano. Mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, kwa sababu umebeba rangi ya chembe zilizopasuka. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua vizuri dalili hiyo, kwani ng'ombe nao hupata babesiosi. Ili kuhakikisha, daktari wa mifugo hutoboa ncha ya sikio, hupaka tone la damu kwenye kioo na kulitia rangi. Kwenye hadubini, Babesia rossi huonekana ndani ya chembe wakiwa wawili wawili, wamechongoka upande mmoja.

Tiba ipo, ila ina hatari yake. Diminazini, dawa inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe, hutumika pia kwa mbwa: sindano moja ya miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Ikizidi huweza kuharibu ubongo, kwa hiyo kumkadiria mbwa dozi kwa macho ni kumhatarisha. Aliyeishiwa damu huhitaji kuongezewa ya mbwa mwenzake.

Kwa kawaida kupe hunyonya siku moja hadi mbili au zaidi kabla ya kupitisha vimelea, hivyo kumkagua mbwa kila siku masikioni, kwapani na katikati ya vidole kunasaidia sana. Kupe jike wa kahawia hudondoka na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za kuta na banda. Mwenye mbwa anayemwogesha dawa azibe na nyufa hizo, na banda alinyunyizie pia.