Kura Tatu: Mjadala wa Tabora, 1958

Kila tunapofika kwenye somo la Tabora, wanafunzi wa siasa huuliza: je, waliompinga Mwalimu Nyerere walikuwa vibaraka? Anayeuliza hivyo hajalielewa somo.

Tuanze na hali halisi. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Twining ilipokubali uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, iliuwekea vizingiti. Mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima na kibarua wakafungiwa mlango. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, Wazungu na Waasia wakiwa wachache mno, huo ulikuwa ubaguzi uliovikwa joho la usawa.

TANU ilipokutana Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia. Miongoni mwao walikuwamo Zuberi Mtemvu na Bhoke Munanka wa Jimbo la Ziwa, ambako serikali ilikuwa imekataa kuandikisha matawi ya TANU. Ndugu hawa hawakuwa na hoja ya kipuuzi. Kuingia katika uchaguzi ule ni kuukubali mgawanyo wa rangi. Na chama ambacho wanachama wake ni Waafrika peke yao kitamnadije Mzungu?

Mwalimu hakubishana nao juu ya lengo. Yeye mwenyewe alikuwa amejiuzulu Barazani Desemba 1957 kupinga mwendo wa kinyonga wa serikali. Alibishana juu ya mbinu. Tukisusia, alisema, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana. Isitoshe, wapiga kura wengi ni Waafrika. Basi Mzungu au Mwasia atakayeshinda atashinda kwa kura zetu. Mtego wa mkoloni unaweza kumnasa aliyeutega.

Baada ya ubishi mkali kura ilipigwa, na hoja ya kushiriki ikapita. Lakini mkutano haukuishia hapo: uliazimia pia kudai serikali ya madaraka mwaka 1959, la sivyo hatua nyingine zichukuliwe. Kwa maoni yangu, makali ya azimio hilo yalitokana na wapinzani. Makada wetu husahau jambo hili.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Waliojiandikisha hawakufika 60,000, lakini UTP ilifagiliwa. Derek Bryceson na Amir Jamal waliingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU.

Munanka alibaki ndani ya chama, na baada ya Uhuru alishika madaraka serikalini. Mtemvu alitoka mwaka uleule akaunda African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais akapata kura kama 21,000, dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Mwalimu. Hata hivyo, swali la chama cha Waafrika kumnadi Mzungu lilikuwa la haki. TANU ililijibu mwaka 1963 kwa kuwafungulia uanachama raia wa rangi zote, jibu ambalo Mtemvu hakulitaka.