Baba wa Nani?

Jina la mtu si alama tupu ya kumwitia. Ukisoma orodha ya majina kwenye ubao wa shule au ofisi yoyote ya Korogwe, utawakuta akina She na akina Se wamefuatana mstari kwa mstari. Mimi nimekulia kati yao, na kwa miaka mingi nimeyatafakari majina hayo.

Maana yake ni moja: baba wa fulani. Msambaa wa milimani husema She, Mzigua wa Handeni husema Se. Herufi moja tu hutenga mlima na bonde, na Korogwe, iliyo katikati, huzisikia sauti zote mbili.

Wajapani walipotakiwa na serikali yao mwaka 1875 kila mtu awe na jina la ukoo, wengi walitumia majina ya ardhi. Tanaka, kwa mfano, ni katikati ya shamba la mpunga. Wazee wetu walishika uzazi.

Lakini mwenye jina si lazima awe ndiye mzazi anayetajwa. Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu akaanzisha utawala wa Wakilindi huko Vuga, alimzaa Buge. Baadaye akatawala mwingine aliyeitwa Shebuge, yaani baba wa Buge, ingawa yeye ni wa kizazi cha nyuma. Kwa jina hilo kijana hukalishwa kwenye kiti cha mkubwa wake, akadaiwa utu uzima kabla hajaota ndevu.

Je, deni hilo hulipwa? Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, alirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, akampinga mtoto huyo wa ndugu yake. Wote wawili waliitwa baba wa fulani, na ugomvi wao ukaipasua nchi. Watoto wa watu walitekwa wakateremshwa Pangani kuuzwa. Ndugu msomaji, ubaba wa jina haukumkinga mtoto hata mmoja.

Wapo waliolibeba jina kwa namna nyingine. Hussein Shekilango, waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1980, na leo barabara ya Ubungo na Sinza, Dar es Salaam, inaitwa kwa jina lake. Beatrice Shellukindo alikuwa mbunge wa Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mwanamke huyo aliitwa kwa jina la ubaba, wala hakuna aliyeshangaa.

Nawasikia vijana wakiikata She ili jina liwe fupi mjini. Siwalaumu. Ila wakiikata, neno linalobaki ni la mtoto tu, na swali la nani atamlea linabaki bila mtu wa kulijibu.