Kumtungia mtoto mchezo unaomzoesha stadi za maisha

Mtoto wa Kidichi anayeanza skuli ya maandalizi ana mengi ya kuyaweza kabla hajajua kusoma. Anavuka barabara inayopita magari ya wageni wanaokwenda kuona mashamba ya viungo na hamamu ya Seyyid Said. Anatumwa dukani, anakwenda chuoni, anakutana na watu asiowajua. Ni rahisi kumwambia "angalia gari" au "ukionewa sema". Tabu iko pale anapotakiwa kulifanya jambo hilo peke yake, na mtu mzima hayupo. Makala haya yanaeleza jinsi mzazi, mlezi au mwalimu anavyoweza kutunga mchezo wa kumzoesha, kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Stadi za maisha ni zipi?

Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja stadi kumi za msingi. Miongoni mwake ni kufanya uamuzi, kutatua tatizo, kuwasiliana, kuelewa hisia za mwengine na kuhimili hisia zako mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka minne hadi saba, hayo huonekana katika vitendo vidogo: kungoja zamu, kuomba msaada, kukataa, kutaja jina lake kamili na la mzazi wake, kusimama kabla ya kuvuka njia, kunawa mikono bila ya kukumbushwa.

Vyote hivi ni vitendo, na kitendo hujengwa kwa kurudiwa. Ndiyo maana mchezo unafaa: mtoto atarudia mara ishirini jambo analolipenda, lakini mawaidha hayasikilizi mara mbili.

Zanzibar ina uzoefu wa kazi hii

Programu ya Madrasa ya elimu ya awali, inayoungwa mkono na taasisi za Aga Khan, ilianzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kuingia Zanzibar mwaka 1990. Walimu wake, wengi wao wanawake wa mitaa ileile, walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, mbegu, makombe ya pwani na vizibo vya chupa.

Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya mfumo rasmi. Katika kipindi hicho ukaja mradi wa RISE, ulioendeshwa na shirika la EDC la Marekani pamoja na Wizara ya Elimu ya Zanzibar, kwa fedha za USAID. Mradi huo ulitoa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, vyenye nyimbo, hadithi na michezo kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo.

Namna ya vipindi hivyo ilijaribiwa kwanza Nicaragua katika miaka ya 1970, katika masomo ya hesabu. Redio husema jambo, kisha hunyamaza kidogo ili watoto wajibu, waruke, wahesabu au waulizane. Mtoto hasikilizi tu. Kipindi hakiendi bila yeye. Hapo pana funzo kwa kila anayetunga mchezo: acha nafasi ambayo mtoto mwenyewe lazima aijaze.

Stadi iwe ndani ya kanuni ya mchezo

Kosa la kawaida ni kuchukua somo na kulibandika juu ya mchezo. Mwalimu anauliza, "Kabla ya kula tunafanya nini?" Watoto wanapiga kelele, "Tunanawa!" Aliyewahi anapewa peremende, na anaila kwa mikono iliyojaa vumbi. Alichokizoea ni kuwahi kujibu.

Linganisha na mchezo huu. Mpake mtoto mmoja unga wa manjano viganjani. Watoto warushiane chungwa kwa zamu, kila mmoja akitaja jina la anayemrushia. Baada ya dakika tano wote wafungue viganja: rangi imewafikia wangapi? Kisha nusu wanawe kwa maji matupu na nusu kwa sabuni, na walinganishe. Hapa mtoto ameona jinsi uchafu usioonekana unavyosafiri, na kunawa ni sehemu ya mchezo wenyewe. Wavae nguo kuukuu, maana manjano hayatoki upesi.

Hatua za kutunga

Kwanza, chagua tendo moja tu na ulitaje waziwazi. "Awe na nidhamu" ni jambo pana mno. "Asimame na aangalie kabla ya kuvuka" ni tendo unaloweza kuliona.

Pili, anza na mchezo wanaoujua, kama foliti, kibe, nage au ukuti, na ubadilishe kanuni moja. Mtoto akishaujua mchezo, akili yake yote itakuwa kwenye hilo jipya.

Tatu, kanuni zisizidi tatu, na mchezo usizidi dakika 15.

Nne, asitolewe mtu. Katika michezo mingi anayekosea hukaa pembeni. Basi yule aliye mzito, ambaye ndiye hasa anahitaji mazoezi, huwa wa kwanza kukosa mazoezi. Badala ya kumtoa, mrudishe mwanzo au mbadilishie kazi.

Tano, ujaribu na watoto wanne kabla ya kuwakusanya wote. Wakikwama wote mahali pamoja, kanuni ndiyo mbovu, ibadilishe.

Mchezo wa kuvuka njia

Chora barabara mchangani, uwanjani, mbali na barabara ya kweli. Watoto wengine wawe magari, bodaboda na baiskeli. Baiskeli ipite kimya. Anayevuka asimame, aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, aseme kwa sauti "njia nyeupe", ndipo avuke. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo gari la karibu zaidi humtokea kuliani. Akivuka na chombo kipo, hurudi alikotoka.

Wakishazoea, mtu asimame ng'ambo na aite, "Njoo upesi!" Anayevuka aangalie kwanza hata kama ameitwa. Wengi wa watoto hukimbia barabarani kwa sababu wameitwa au wanafuata mpira, na hilo ndilo la kuzoeshwa. Hata hivyo, mtoto wa umri huu hawezi bado kupima vizuri mwendo wa gari. Mchezo hauchukui nafasi ya mkono wa mtu mzima.

Mchezo wa siri

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa Zanzibar, wasichana wapatao 6 na wavulana wapatao 9 katika kila 100 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo mchezo huu uwahusu watoto wote, wa kike na wa kiume.

Weka alama mbili: mwembe uwe mahali pa "siri ya kuweka", na mtu mzima anayeaminiwa awe mahali pa "jambo la kusema". Taja mambo moja moja. "Tumemnunulia bibi kanga ya sikukuu, asijue." Wakimbilie mwembe. "Mtu kakushika pasipostahiki, akasema usimwambie mama." Wakimbilie mtu mzima, naye ajibu kila mmoja: "Umefanya vyema kuniambia." Mchezo huisha pale kila mtoto anapotaja kwa sauti watu watatu atakaowaendea.

Kabla hujauanzisha, uwe tayari kusikia jambo la kweli. Mtoto akilisema, usimfokee wala usimhoji kama askari. Msikilize, mwambie si kosa lake, na utafute msaada siku hiyohiyo. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili.

Utajuaje kama mchezo umefaa?

Usimwulize mtoto amejifunza nini. Atakupa jibu unalolitaka. Mtazame nje ya mchezo. Je, anaposindikizwa skuli husimama mwenyewe ukingoni mwa barabara? Akiporwa zamu, husema au hupiga? Kama baada ya wiki mbili huoni tofauti, punguza kanuni au chagua tendo dogo zaidi, kisha uanze tena.

Na ukiwa shambani au sokoni, simu yako inaweza kuendesha mchezo. Jirekodi ukitoa maelekezo, na baada ya kila swali nyamaza ukihesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Bibi au dada mkubwa ataicheza nyumbani, na watoto watajibu katika kimya ulichowaachia.