Ahmedabad kwa Baiskeli

Ahmedabad ni mji mkubwa kupita yote katika jimbo la Gujarat, magharibi ya Bara Hindi. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, na mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kutiwa katika Urithi wa Dunia. Atakaye kuujua asiupite kwa motokaa. Njia zake za kale ni nyembamba. Baiskeli hupenya pasipopita gari, na kiongozi mwenyeji humwonyesha mgeni yale ambayo peke yake asingeyatambua.

Safari yafaa ianze alfajiri, kabla soko halijajaa watu. Mpandaji hupita chini ya lango la Teen Darwaza, yaani Milango Mitatu, akaufikia Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1424. Nguzo zake zapita mia mbili, na minara yake ilibomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1819. Humo nakshi za mafundi wa Kihindu zimekaa pamoja na matao ya Kiislamu, wala hazigombani.

Kisha huingia katika vijitaa viitwavyo pol. Kila kijitaa kilikuwa na lango lake, nalo lilifungwa usiku kwa ajili ya usalama. Nyumba zake zina mbao zilizochorwa kwa ustadi, na chini ya nyua nyingi mna birika la kuhifadhia maji ya mvua, maana nchi ile hupatwa na kiangazi kikali.

Lakini mahali pa kumsimamisha Mwafrika ni msikiti mdogo wa Sidi Sayyid, ambao magari huuzunguka mchana kutwa. Sidi Sayyid alikuwa mtu wa jamii iliyoitwa Habshi, neno lililo ndugu wa Habeshi letu. Wengi wa jamii hiyo walichukuliwa Afrika wakapelekwa Bara Hindi utumwani. Baadhi yao walipanda wakawa askari na maamiri wa masultani. Msikiti huo ulijengwa mwaka 1572 na 1573, wakati ule ule majeshi ya mfalme Akbar yalipoiteka Gujarat. Dirisha la katikati limezibwa kwa mawe matupu, na husemekana kuwa vita viliikatiza kazi. Madirisha ya kando yametobolewa katika jiwe mfano wa mti wenye matawi yaliyosokotana, membamba kama uzi, na mwanga hupenya kati yake.

Nakshi hiyo imekuwa alama ya mji mzima. Basi mwanafunzi asomapo kwamba Waafrika walivushwa bahari wakiwa watumwa, asikomee hapo. Usultani uliowatumia ulianguka, na jina la mmoja wa jamii yao lingali likitajwa kila siku katika mji wa ugenini, kwa ajili ya kazi iliyo njema.