Jaribio la mzigo: Namna ya kupima tovuti kabla umma haujaifurikia

WAZIRI wa Elimu Julius Ogamba alipotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) wa mwaka 2024 mnamo Januari 9, 2025, watahiniwa zaidi ya 960,000 walielekezwa kwenye tovuti moja ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Kila mmoja alitakiwa kuingiza nambari yake ya mtihani na jina, kisha asome alama zake.

Siku kama hiyo, mtahiniwa wa Kasikeu, eneobunge la Kilome, Kaunti ya Makueni, mwenye simu ya mkononi na bando dogo, hubisha mlango ule ule anaobisha mwenzake wa Nairobi aliyeketi mbele ya kompyuta yenye intaneti ya kasi. Tovuti inayojibu papo hapo usiku wa manane yaweza kunyamaza kabisa adhuhuri. Wa Kasikeu ndiye huumia zaidi, kwa kuwa ukurasa unaokwama katikati humlia bando bila kumpa jibu.

Kazi ya kubaini mapema ni wageni wangapi tovuti inaweza kuwahimili huitwa jaribio la mzigo. Jina hilo linafaa. Anayemtwika punda mitungi ya maji huongeza mtungi mmoja mmoja huku akitazama miguu yake. Tofauti ni kwamba katika kompyuta, punda akifa mzigo haufiki.

Kompyuta moja ya ofisini mara nyingi haitoshi kuiga umati mkubwa. Ndipo lilipokuja wingu, neno ambalo sisi wahariri tulilipokea shingo upande, maana si chochote ila kompyuta za watu wengine zinazokodishwa kupitia intaneti. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020, na Google mjini Johannesburg mwaka 2024. Mpimaji huandika hatua za mtumiaji (kufungua ukurasa, kuandika nambari, kusubiri alama) kwa programu kama JMeter, k6 au Locust, ambazo hupatikana bila malipo. Kisha hukodi mashine kadhaa kwa saa moja au mbili, na kila moja hujifanya mamia au maelfu ya watu. Kazi ikiisha huzimwa. Anayesahau kuzizima hukumbushwa na ankara.

Hapa pana mtego ambao wengi huuangukia. Mashine za wingu zina intaneti ya kasi kuliko simu yoyote ya kijijini. Mnamo 1961, mtaalamu wa Marekani John Little alithibitisha kanuni rahisi: idadi ya watu walio ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia kwao ikizidishwa kwa muda anaokaa kila mmoja. Chukua mfano wa maombi 500 kwa sekunde. Kila ombi likichukua sekunde 2, seva inashughulikia maombi 1,000 kwa wakati mmoja. Mtandao ukiwa dhaifu na kila ombi likakaa sekunde 10, idadi hiyo inakuwa 5,000. Seva yenye nafasi 2,000 itafaulu jaribio kwa kishindo na kuanguka siku ya matokeo, ilhali idadi ya wanaobisha haikuongezeka hata kidogo. Kwa hivyo sharti baadhi ya watumiaji bandia wapunguziwe kasi kwa makusudi. JMeter ina mpangilio wa kufanya hivyo.

Mtego wa pili ni watumiaji bandia wenye adabu kupita kiasi. Wao hungoja jibu ndipo waulize tena, hivyo seva ikichoka nao hupunguza mwendo. Umati halisi hauna subira hiyo. Watu huzidi kumiminika, na aliyekwama hubonyeza tena na tena. Afadhali kuagiza maombi yaingie kwa kasi maalumu bila kujali seva imejibu au la.

Katika kusoma matokeo ya jaribio, wastani ni mwongo. Tuseme kati ya maombi 100, 95 yalijibiwa kwa sekunde 1 na 5 kwa sekunde 40. Wastani ni chini ya sekunde 3, na mkubwa wa idara ataridhika. Lakini asilimia 5 ya watahiniwa 960,000 ni watu 48,000. Panga majibu kutoka la haraka hadi la polepole, kisha utazame la 95 na la 99 katika kila mia. Majibu ya hitilafu yahesabiwe kando, kwani seva iliyoshindwa mara nyingi hukataa haraka na kuupendezesha wastani.

Kisha tazama grafu. Pale maombi yanayotimizwa kwa sekunde yanapoacha kuongezeka huku muda wa kujibu ukipanda, hapo ndipo ukomo ulipo. Ikiwa wakati huo seva za tovuti zimetulia, kuongeza nyingine ni kutupa fedha. Chanzo huenda ni hifadhidata, au hata mashine za mpimaji mwenyewe zimeelemewa. Kila tatizo likitatuliwa jaribio lirudiwe, kwa sababu nyuma yake hujificha jingine.

Idhini ya mwenye tovuti ni lazima. Mafuriko ya maombi yasiyo na idhini ni shambulio, kama lile lililoikumba eCitizen mnamo Julai 2023, na ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018. Majina na nambari za majaribio pia ziwe za kubuni. Alama za mwanafunzi halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jambo la mwisho ni wakati. Nchini Marekani, tovuti ya bima ya afya HealthCare.gov ilijaribiwa siku chache tu kabla ya kuzinduliwa, ikaanguka ilipopewa watumiaji bandia mia chache. Hata hivyo ilifunguliwa Oktoba 1, 2013 kama ilivyopangwa. Watu wapatao 250,000 waliifurikia kwa wakati mmoja, na siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kujisajili walikuwa 6.